Hesabu ya Nunge

Juu ya fomu wameandika: Hesabu ya Majira ya Baridi.
Sikudhani akaisoma kwa sauti, akacheka
mpaka akakaa chini kwenye tuta la chumvi.
Januari, Nunge, saa moja na nusu asubuhi,
na shati langu limeshagandamana na mgongo.

Baridi ni ya kwao, nikamwambia.
Huko walikotoka tope linakuwa jiwe,
mdomo hauingii.
"Basi wangeandika Hesabu ya Waliokimbia."

Mimi ni karani wa magunia. Miaka kumi na tisa
nahesabu chumvi inayotoka, chumvi inayolala stoo,
na mwaka ule wa magunia kumi na manane
nilihesabiwa mimi: jina langu likapita
mdomo kwa mdomo hadi barazani msikitini.
Yalionekana. Yalipelekwa Kaole kimakosa.
Aliyenishuku hakurudi kuniambia.
Kwa hiyo walipokuja watu wa ndege
kutafuta mtu asiyeruka namba,
nilinyoosha mkono kabla hawajataja posho.

Darubini imesimama kwa miguu mitatu,
korongo aliyezidishiwa.
Nafumba jicho moja, tope linanijia usoni,
na juu ya tope, vitwitwi:
wanakimbia, wanasita, wanakimbia,
watoto waliotumwa dukani
wakasahau walichotumwa.
Kihesabio mkononi: ta, ta, ta.
Bonde la tatu, heroe sita tu, wamejitenga,
wameinama kama wanaotafuta sindano.
Shakwe wananichosha, wanahamahama makusudi.
Sululu arobaini na mmoja. Mmoja ana mguu mmoja.
"Huyo nusu?" anauliza Sikudhani.
Ndege mzima, nasema. Ta.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa wana mwezi wa tatu,
lakini nani awape? Walikuja nayo midomoni,
marefu, yamepinda,
wanalima tangu maji yalipoanza kupwa
wala hawajabisha hodi kwa mtu.

Sikudhani hahitaji darubini.
Visigino vyake vimechanwa na chumvi,
anapita juu ya tuta bila kutazama chini.
"Yule ana pete."
Yupi?
"Yule anayetembea kwa kujidai."
Kweli. Pete ya njano, herufi K,
kisha tatu, kisha labda nane, labda sita,
akageuka, tope likamfunika.
Mtu fulani, mahali fulani penye barafu,
alimshika huyu kiganjani,
moyo ukimdunda kwenye kidole gumba,
akamwandika.
Sijui kama na yeye aliwahi kushukiwa.

Saa tano. Elfu moja mia tatu na kumi na mbili.
Kozi akatoka upande wa mikoko, kimya.
Bonde lote likainuka,
jeupe, la kahawia, jeupe,
shuka moja inayokung'utwa na watu wawili,
likapinda, likafunguka, likatua
bila kujali nilikofikia.

Waliohesabiwa wamechanganyika na ambao bado.
"Andika elfu moja mia tano, twende tukanywe chai.
Nani atakwenda kuwauliza?"
Nikanyamaza.
Nikarudisha kihesabio kwenye sifuri.
Akasonya, akanitazama kwa muda,
akaikaza upya kanga yake kiunoni.
"Haya. Wewe kushoto, mimi kulia."

Moja.

Tulimaliza maji yakitugusa vifundo.
Elfu moja mia mbili themanini na saba.
Pungufu ya ishirini na tano. Sikuziba pengo.
Kwenye nafasi ya Maoni niliandika: kozi,
nikafuta, nikaandika tena: kozi.

Njiani, juu ya baiskeli, kihesabio mfukoni
kilibanwa na paja kila nilipokanyaga pedali,
ta, ta, kupita ghalani,
ta, kupita nyumba ya yule aliyenishuku,
na nilipokitoa mlangoni kwangu
kilisoma elfu moja mia nne na sita.
Sijui nilihesabu nini.
Nimekiweka dirishani vilevile.