Punje Moja ya Mchele

Kinaitwa kipakatalishi, kitu cha kupakatwa,
lakini nani apakate jiko?
Changu nimekitandikia kibao cha kukatia sukuma
na bado mapaja yanaungua.

Nakala za mahakama ya ardhi, kurasa mia na sabini.
Kila shahidi anasema "sikumbuki vizuri",
na kwa kila "sikumbuki" mashine inapanda mlima,
inavuta pumzi, inavuma
kama kinu cha posho kilichokosa mahindi.

Mtaa wetu ni Jericho.
Kuta za jina hilo, sote tunajua kilichoziangusha.
Wangu unashikiliwa na rangi tu,
na nyuma yake, saa saba usiku,
Bwana Sirengo hukohoa mara mbili, akanyamaza.
Cha kwanza nilikichukulia kuwa kifua.
Cha pili nikakitafsiri: mama, unatusagia nini?

Jumamosi nikapanda ngazi za Luthuli
hadi kwa Kiilu, miwani yake imefungwa kwa waya.
Aliiweka mashine sikioni kabla ya kuitazama.
"Haina ugonjwa hii. Ina blanketi."
Bei ya kulivua ilikuwa unga wa mwezi.
Akaniona nikihesabu kwa midomo, akashusha sauti:
"Bisibisi unayo? Mswaki uliochakaa? Basi nenda nyumbani.
Dawa hii nyeupe, lete mia mbili.
Na usipake kama siagi kwenye mkate.
Punje moja ya mchele. Moja."

Skrubu kumi na moja ndani ya kifuniko cha ndoo,
ile fupi nikaitenga, isije ikanidanganya.
Kifuniko cha chini kikalia *ta!*
nikajua nimevunja karo ya Mwende.
Hapana. Kilikuwa kinafunguka tu.

Blanketi kweli, la kijivu, lenye upana wa kidole:
vumbi la Jogoo Road, bawa la mende,
uzi wa sweta, na unywele mmoja mrefu, mwekundu,
wa mtu aliyewahi kufanya kazi hapa kabla yangu
na labda naye alichelewa kulala.
Nikaizuia feni kwa kidole isizunguke,
nikasugua, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli.
Dawa ya zamani ilikuwa imekauka kama uji wa juzi.
Nikaifuta kwa spiriti.
Punje moja. Mkono ukitamani mbili.

Vizibo vinne vya soda chini, hewa ipate mlango.
Kisha nikaingia kwenye mipangilio, nikaishushia kasi:
mia ikawa themanini.
Si lazima ukimbie hivyo, nikaiambia.
Mimi hakuna aliyewahi kuniambia.

Usiku huo nilisikia bomba likidondoka.
Nilisikia Mwende akigeuka, akiota hesabu.
Vidole vikaniganda; ni Julai,
kumbe miezi yote hii vilikuwa vinaota moto
bila kuniarifu.
Saa saba, kikohozi. Cha pili. Cha tatu.
Nikaacha kuhesabu.

Asubuhi Bwana Sirengo mlangoni, shuka begani.
"Mama Mwende, jana hukufanya kazi?"
"Nilifanya."
"Mbona sikukusikia?"
Akatazama viatu vyake.
Miaka ishirini na sita, zamu ya usiku,
kiwanda cha unga kule Industrial Area.
"Sisi tulikuwa tunalala hapo hapo, juu ya magunia.
Mashine ikizimika ndipo tunaamka."

Leo nimefika ukurasa wa mia na nne.
Shahidi anasema mpaka ulikuwa mti,
na mti haupo.
Nimesogeza meza hadi ukutani.
Themanini nimeifanya tisini.
Feni imeanza, chini chini, kama mtu anayesoma barua peke yake.

Saa saba.
Kikohozi kimoja.