Proboksi ya Marehemu Chidawali

Mbukwenyi, Ndahani. Izime kwanza.
Nimeisikia tangu kona ya mashine ya kusaga:
chuma kinatafuna chuma,
kama mtu asagaye meno usingizini
na asubuhi akakana.

Umeishusha, naona.
Springi umekatia wapi, kwa msumeno wa nani, siulizi.
Mizunguko miwili kila upande,
rimu za kumi na saba zinazong'aa kuliko milango,
na tumbo sasa linalamba
kila tuta kutoka Kizota mpaka Mpunguzi.
Limependeza. Nisiseme uongo.
Linanyata kama paka aliyeona panya.

Lakini lete jeki. Lete na lile gogo,
mimi jeki moja siiamini.

Nikafungua ngoma ya nyuma.
Vumbi jeusi likamwagika kama ugoro,
lainingi imekwisha, zimebaki ripiti tupu
zikichora miduara ndani ya chuma.
Pedi za mbele, nene kama biskuti.
Kinyume hicho. Siku zote mbele ndiko kunakoumia.

Ingia chini, nikamwambia, achana na shati.
Unaiona fimbo hii nyembamba juu ya ekseli?
Mwisho wake kuna vali.
Kazi yake moja tu, kupima mgongo.
Gari likiinama, husema: leo tumebeba,
ikapeleka nguvu ya breki nyuma.
Likiinuka tupu, huipunguza.
Haina macho. Haijui msumeno.
Wewe umeinamisha mgongo bila mzigo,
nayo, miezi minane sasa, inaamini
kwamba nyuma kuna makreti.

Hapo nikanyamaza.
Naye alinyamaza, chali, mafuta yakimdondokea shavuni.

Makreti ya zabibu ya baba yake,
yaliyofunikwa khanga yenye maji,
Hombolo saa kumi alfajiri, Majengo kabla jua halijashika,
nyuki wawili watatu wakisafiri bure kiooni.
Mzee Chidawali, aliyegusa breki mapema,
mbali kabisa na kona, zabibu zisichubuke.
Lainingi zake zilidumu mpaka nikamchukia:
mteja gani huyu, anakuja mara moja kwa mwaka?

"Kumbe ndiyo maana," akasema Ndahani.
Wiki iliyopita, akishuka Nyang'oro, mvua ya kwanza,
matairi ya nyuma yalifunga,
gari likageuka likatazama lilikotoka.
Mama yake hajui.

Nikamwandikia kwenye ubavu wa boksi la spea:
lainingi mpya, ngoma zichongwe,
diski za mbele kubwa na kalipa zake
(hapo rimu zako zimekuokoa, nafasi ipo),
mafuta ya breki, haya yamekuwa chai ya rangi,
springi za kiwanda.
Kwenye springi akatikisa kichwa.
Sawa. Basi kipande cha bati nene,
nishushe shina la fimbo sentimita nne,
vali ijue ukweli wa mgongo huu mpya.

Alilipa nusu. Nusu mwisho wa mwezi,
mwezi gani hakusema.

Tukatoa upepo mpaka magharibi.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Shikilia, nimesema shikilia!
Mguu wa baba yake ulikuwa mpole kuliko huu.

Ikabaki nati moja, ya fimbo.
Spana kumi na mbili mkononi, tochi mdomoni.
"Fundi. Ukishaikaza,
itajua kwamba nyuma hakuna kitu?"
Itajua.
Akaifuta vali kwa pindo la shati,
shati lile nililomwambia aachane nalo.
"Basi kaza kesho."

Kizota ikazima taa, upepo ukabaki na mabati.
Gari likalala kwangu, tumbo chini,
limebeba.
Nikafunga geti.
Malazi sikumtoza.