Kadi Iliyorudi Kushoto

Orofa ya pili, juu ya duka la magodoro,
Nakuru, mwezi wa pili, vumbi
limelala juu ya kibodi kama unga usiochekechwa.
Tuna wiki kumi na mbili.
Bi Wangeci ana maghala matatu: Njoro, Molo, Subukia,
mbolea, mbegu, dawa ya kupe,
na anataka programu moja itakayojua
kila gunia lilipo, na nani hajalipa.

Hatubishani tutajenga nini. Tunabishania mwendo.

Ombati anaapa kwa skramu.
Majuma mawili, anasema, yafungwe kama mzigo wa kuni:
kazi iliyoingia imeingia,
iliyobaki nje isubiri kamba nyingine.
Asubuhi tusimame robo saa,
kila mtu aseme jana, leo, na kinachomkwamisha,
na mzigo ukifika mwisho
mteja aone kitu kinachotembea.
Napenda ile kamba.
Lakini mvua za Machi hazijui majuma yetu.
Zikianguka Jumanne, foleni ya mbolea hufika barabarani,
na Bi Wangeci hupiga simu papo hapo,
si Ijumaa ya pili.

Jepkemboi yeye ana ukuta.
Kanbani: safu tatu za chaki,
Bado, Inaendelea, Imekwisha,
na sheria moja kwa wino mwekundu:
katikati zisizidi kadi tatu.
Kazi, anasema, ni maziwa kwenye tangi la kupozea;
usipokee ya jioni
kabla lori halijachukua ya asubuhi.
Ni kweli. Nami nimeuona ukuta huo huo
ukikaa siku nne bila kadi kusogea,
maana kazi isiyo na tarehe
haimwamshi mtu.

Mimi nililelewa chini ya cherehani,
mama akikanyaga, mimi nikinyoosha kitambaa.
Nataka wawili kwenye kibodi moja,
na jaribio liandikwe kabla ya msimbo
kama chaki inavyotangulia mkasi.
Ombati hucheka: mishahara miwili, mstari mmoja!
Simjibu. Namkumbusha tu ule usiku wa Desemba
alipokuwa peke yake, akaongeza sufuri,
na Molo ikaamka na magunia elfu tisa.

Lugha yetu haisaidii kuamua.
Haraka haraka haina baraka.
Ngoja ngoja huumiza matumbo.
Wahenga nao hawakumaliza kikao.

Nikachora jedwali: gharama, mabadiliko,
ukubwa wa timu, subira ya mteja.
Nikatoa alama kwa haki.
Skramu kumi na tisa. Kanbani kumi na tisa.
Stima ikapotea.

Alhamisi akaja Mulongo, mtunza ghala wa Njoro,
makapi ya ngano viatuni, kwapani daftari la madeni
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Tulimwita aone. Hakuketi.
Akausoma ukuta kwa kidole, polepole,
hadi kwenye kadi ya manjano, safu ya Imekwisha:
MALIPO.

"Huyu," akafungua daftari, "Jerono wa Mauche,
alilipa nusu kwa pesa, nusu kwa viazi.
Gunia moja nikamrudishia, lilikuwa limeoza.
Kwenye hiyo simu yenu naandika wapi?"

Ombati akaitazama kalenda.
Jepkemboi akahesabu kadi za katikati: tatu tayari.
Mulongo hakungoja.
Akaibandua ile ya manjano,
akairudisha kushoto kabisa, kwenye Bado,
akaipiga kofi ili ishike.

Siku hizi huja kila Alhamisi.
Tunasimama asubuhi, lakini dakika tano.
Ukuta ungalipo. Malipo niliyaandika na Ombati,
bega kwa bega, yeye akinung'unika,
jaribio kwanza, na tuliliita Jerono.

Watu wakiuliza tulifuata mbinu gani,
Ombati hujibu skramu,
Jepkemboi hujibu kanbani, wote kwa pamoja.
Mimi huitazama ile kadi.
Gundi iliisha, sasa inashikwa na selotepu,
na chini ya neno MALIPO,
kwa mwandiko usio wa yeyote kati yetu,
kuna kalamu iliyokandamizwa sana:
*na viazi*.