Hodi ya Tatu

Redio iko Likoni, kwa dada yangu Mwanakombo,
juu ya kabati la vyombo,
na waya wa antena watoka tangi la maji
hadi mnazi wa jirani, kwa ruhusa ya maneno tu.
Mimi niko Tudor, ghorofa ya nne,
kwa mwenye nyumba asiyetaka kuona hata kamba ya nguo,
sembuse antena.
Kati yetu kuna feri, foleni, na magoti yangu mabovu.
Nikasema: basi sauti ivuke, mimi nibaki.

Usiku wa kwanza nilibisha kwa kompyuta.
Hodi.
Hodi.
Ya tatu ikarudi na maandishi mekundu: muda umekwisha.
Tulifunzwa hivyo chuoni, hodi tatu,
usipojibiwa, geuka urudi zako.
Sikujua kuwa mashine nazo zimesoma chuo kile.

Nikampigia Shekuwe, mwana wa dada.
"Ruta yawaka taa ngapi?"
"Tatu. Moja yapepesa."
"Rangi gani?"
"Kama chungwa, kama kijani. Mjomba, nina mtihani kesho."
"Izime, hesabu hadi thelathini, uiwashe."
Alihesabu hadi kumi. Nilimsikia.

Nikafungua mlango ndani ya ruta. Wenyewe huuita bandari,
nami niliyekuwa karani wa makasha Kilindini miaka ishirini na sita
nikacheka peke yangu: bandari gani hii,
haina kreni wala mlinzi wa kukuomba chai?
Nikaandika namba, nikahifadhi, nikabisha.
Kimya kile kile.

Nililaumu stima. Nililaumu kebo, friji,
na Shekuwe, ambaye hakuwa na kosa ila lile la ishirini zilizobaki.
Siku ya nne ndipo nikalinganisha anwani mbili:
ile ambayo ruta yajijua nayo
na ile ambayo dunia yaijua nayo.
Hazikufanana hata tarakimu ya kwanza.

Kumbe kampuni ya simu imetupanga watu maelfu
nyuma ya mlango mmoja wa barabarani,
kama nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita:
barua ikija bila jina la chumba
huwekwa juu ya mita ya stima hadi ipauke.
Hodi zangu zote zilikuwa pale, juu ya mita.

Mlango wa namna hiyo hubishwi ukafunguka.
Aliye ndani ndiye atokaye.
Nikaifunza redio kutoka yenyewe,
iende hadi kwenye mashine niliyoikodi Ujerumani,
isimame pale, mguu kizingitini,
nami nitoke huku, tukutane ugenini.
Maji ya kivukoni hayafiki nusu kilomita.
Sauti yangu yaenda Ulaya na kurudi ili iyavuke.

Nikasikia! Kwanza mchakato wa bhajia karaini,
kisha, chini yake, mtu akihesabu kwa Kireno.
Lakini kusikia ni kusikia tu.
Niliita, nikaita, hakuna aliyejua kama nipo,
mfano wa mtu aliyempigia simu anayemdai.
Saa moja nzima natafuta,
na kosa ni langu: mlango wa sauti ya kwenda
niliuandika moja badala ya saba.
Miwani, bwana.

Nikarekebisha. Nikabonyeza. Nikaita.
Kabla hajajibu yeyote hewani, simu ya mkononi ikalia.
"Wewe! Wafanya nini huko?
Tivi yangu yakwaruza kama wewe ukiwa na mafua!"
"Yasemaje?"
"Nijuaje mimi? Kama yabisha hodi."
"Basi sema karibu."
Akanyamaza. Akasonya.
"Karibu. Haya, umefurahi?"

Nikafungua daftari, ukurasa mpya, nikaandika:
saa nne na dakika kumi usiku.
Kituo cha kwanza, Mwanakombo, Likoni.
Sauti safi. Ana hasira.