Mkasi

Redio ilisema tokeni, na hatukuuliza mara mbili.
Ardhi ilikuwa ikitikisika tangu Jumamosi
kama sufuria juu ya mafiga yasiyolingana.
Baba alibeba kichwa cha cherehani,
amekifunga shuka, amekilaza begani
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi kanisani.
Mama alimbeba Muhindo, Muhindo akabeba kuku.
Koko Masika alikataa chukudu ya jirani:
"Mimi si gunia la makala," akasema, akatangulia.

Barabara ya Sake ilikuwa watu tu.
Magodoro yalitembea. Televisheni zilitembea.
Mvua ilitukuta Mubambiro,
na mawe meusi ya miaka ya nyuma
yakatukata nyayo bila kutuuliza majina.

Tukalala shuleni, darasa la nne,
familia sita chini ya ubao mmoja
ambao bado ulikuwa na hesabu ya kugawanya.
Saa mbili ikalia katika simu ya Baba,
ile kengele ya kila usiku tuliyoambiwa
ni ya kumkumbusha taarifa ya habari.
Akaizima. Akapapasa mfuko. Akapapasa wa pili.
Nikaona uso wake ukiondoka
kabla miguu haijaondoka.

"Narudi mjini."
"Kufuata nini?" Mama akauliza.
"Nimesahau mkasi."

Dawa za miezi mitatu, makopo matatu:
moja chini ya vifungo, kwenye droo ya cherehani,
jingine darini, jingine ndani ya gunia la makala,
kila moja amelishindilia pamba
ili vidonge visimseme njiani.
Baba alijua kushona. Alishona hata ukimya,
pindo ndani ya pindo, uzi usiuone.

Koko akafungua fundo la kitenge,
pale anapowekaga pesa ya sadaka.
"Mkasi wako huu hapa,"
akamtia kopo mkononi.

Mama hakumtazama. Alimgeuza Muhindo,
akachomoa kutoka kwenye mbeleko kopo la pili.
"Na huu."

Nami, wa miaka kumi na minne,
niliyedhani siri ile ni yangu peke yangu,
nikafungua mfuko wa shule.
Chini ya daftari la jiografia
kopo la tatu, na vumbi lake la makala.

Tulitazamana kama wezi
waliokutana nyumba moja usiku mmoja.

Kisha Koko, kwa sauti ya kuagiza chumvi:
"Sida niliijua kabla yako. Kaka yangu Kambale
tulimtengea sahani, tukamtengea mlango.
Alikufa kwa ule mlango.
Meza dawa. Watu wanataka kulala."

Maji yalikuwa ya mvua, katika kifuniko cha bidoni.
Baba akameza.
Ndipo Mama akasema, akiutazama ubao,
kwamba alipimwa Majengo mwaka jana, na mwaka juzi,
kila mara peke yake, na hawakukuta kitu.
"Lakini lile benchi ni refu kwa mtu mmoja.
Safari ijayo tutalikalia wawili."
Baba akalia. Kuku naye akalia.
Tukacheka, Mungu atusamehe,
hadi watu wa dirishani wakatukemea.

Tumerudi. Ukuta mmoja una ufa
unaopitisha kidole na baridi ya alfajiri.
Kopo linakaa mezani, kando ya chumvi,
bila pamba. Ukilitikisa linalia.
Ikifika saa mbili, aliye karibu huita:
"Baba, mkasi!"
Na jirani husema fundi yule hapumziki,
hata usiku anakata nguo.

Jana umeme ulikatika, simu ikazima,
tukasahau wote.
Saa mbili na robo, gizani,
Muhindo akaja akipapasa ukuta,
mkononi ameshika mkasi wa kweli,
ule mkubwa, ncha zikielekea chini
kama alivyofundishwa.

Baba akaupokea. Akashukuru.
Akaenda, taratibu, upande wa chumvi.