Mstari wa Maji

Mimi hupaka maduka ya watu, Kasese mjini:
njano ya kampuni ya simu, nyekundu ya mshindani wake,
kibanda cha kinyozi, ukuta wa muuza saruji.
Kila kopo huacha masazo, na masazo ni yangu.
Ndiyo maana mlango wetu ni mwekundu
na benchi la jikoni, ukilipindua, linakuambia
WEKA SALIO HAPA.

Lakini kwa chumba cha watoto sikutaka masazo.
Ni chumba cha kwanza kukipiga lipu tangu tuhame bondeni,
tangu Nyamwamba uingie bila hodi,
ubebe magodoro, masufuria, mbuzi wa jirani,
utuachie sebuleni jiwe kubwa kuliko ng'ombe.
Nikaacha kula roleksi za asubuhi mwezi mzima,
nikanunua kopo zima, halijaguswa: samawati.
Rangi ya watoto, alisema muuzaji. Haikosei.

Masika alituma ujumbe kutoka bwenini:
njano ya simu hapana, Baba, wenzangu watanicheka.
Baluku, mwenye miaka minne, aliagiza twiga.
Mkono wangu umezoea vichwa vya saluni,
twiga akatoka na kope ndefu
na nywele zilizotiwa dawa.
Baluku akampokea hivyo hivyo. Anamwita Shangazi.
Mama yao akavika rimu ya baiskeli kitenge,
akaitundika, akaning'iniza chandarua,
na yule bwana mdogo akaingia ndani
akatutangazia kwamba sasa yeye ni kabichi.

Biira hakuagiza kitu.
Alikaa kizingitini, magoti kidevuni,
akanitazama nikikoroga kopo.
Nilipovuta brashi mara ya kwanza
kutoka sakafuni kwenda juu,
alisimama.
"Baba, unaleta mto ndani."

Nilitaka kumwambia mto haukuwa na rangi hii,
ulikuwa wa kahawia, mzito kama uji wa mtama.
Anajua. Alikuwa mgongoni mwangu.
Nikafunika kopo.

"Sasa chumba chako kiweje?"
Alifikiri mpaka chai yangu ikapoa.
Kitanda kikae mbali na mlango.
Dirisha lifikike kwa kiti kimoja.
Msumari uwe juu, juu zaidi, wa kutundika begi,
kwa maana madaftari yale ya kwanza
yalikwenda ziwani na alama zake zote nzuri.
Kisha akataka mstari.
"Ule wa matope, uliobaki ukutani bondeni.
Siku tuliporudi ulinifika hapa."
Akashika ukosi wa gauni.

Nikateremka na utepe wa kupimia.
Ukuta mmoja bado umesimama, maboga yameupanda.
Nikapangua majani, nikaupata:
sentimita tisini na moja.
Niliandika kiganjani kama mtu anayeiba jibu la mtihani,
nikapanda kilima ngumi nimeifumba.

Basi kuta zetu ni njano ya simu, Masika atanisamehe.
Samawati iko darini. Huko, alisema Biira, ruksa.
Na ukutani, kando ya kitanda chake,
kuna mstari wa kahawia, masazo ya fundi milango,
nimeupaka mara nne uwe mnene, uvimbe kidogo.
Miaka mitano imepita; leo unamgonga kiwiko.
Kila asubuhi anabana visigino ukutani, anapima, anakwenda shule.
Baluku naye hubana. Unamfika kidevuni,
ndipo husimama kwa ncha za vidole
na kutuuliza sisi wakubwa kama tumeona.

Jana usiku mvua ilipiga mabati bila huruma.
Nilikaa kitandani, viatu miguuni, nikisikiliza.
Chumba cha pili kukawa na sauti ndogo:
ukucha ukitembea ukutani, ukitafuta gizani,
ukipata.
Halafu godoro likalia mara moja, mtu akageuka, kimya.
Asubuhi nilichungulia. Wote wamelala,
kabichi amekunja wavu wote,
na Shangazi macho makavu, kope juu,
kama aliyekesha.