Nyuzi Kumi na Nne

Sikudhani Mwinchande alinijia na mbuzi ya nazi
aliyoifunga kwenye kanga, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mkunguni,
akailaza mezani kwangu kama mtoto wa kupimwa uzito.
Meno yake yameinama, si kama ya mbuzi nyingine;
yakigusa ngozi ya kahawia, yanateleza, yanakataa.
"Tui linatoka jeupe," alisema. "Miaka sita naitafuta hii pembe.
Nyuzi kumi na nne. Kumi na tatu haikuni.
Kumi na tano inakula kifuu."

Mimi sibuni kitu. Mimi naandika madai,
la kwanza hadi la tisa, napanga michoro,
naomba hataza kwa njia ya mtandao.
Na Msajili hapokei kanga. Anapokea PDF:
mstari mweusi, karatasi nyeupe,
kila herufi ibebe nguo zake humo humo ndani,
isiende kuazima ugenini.

Basi nikaanza kuchagua programu.

Ya kwanza ilikuwa ya bure, na bure ikajieleza:
iligonga jina lake kwa wekundu, mshazari,
kila ukurasa, hadi katikati ya meno, mchoro namba mbili.

Ya pili aliileta Shomvi wa vipuri vya simu, kwenye flashi.
"Imeshavunjwa kufuli, dada. Weka tu."
Nikacheka: tunaomba ulinzi wa mali ya akili
kwa chombo cha wizi?
(Nakiri niliiweka. Siku mbili.
Ikaanza kunitangazia kamari, nikaifuta.)

Ya tatu ni dola, kila mwezi, kama kodi ya chumba.
Sikudhani akazigeuza zile dola kuwa nazi, kichwani,
akatazama dirishani.

Ya nne haina kuweka wala kufuta:
unapandisha faili mtandaoni, dakika moja linakurudia.
Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe
alipouliza swali lililokuwa langu kuuliza:
"Linapanda kwenda kwa nani?"

Sikujua.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata hii sijui inaning'inia jikoni kwa nani.
Miaka sita ya kukuna na kutupa, kukuna na kutupa,
nusura niimwage kwa kidole kimoja
kwa kuwa nilikuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Ikabaki ya tano, iliyomo tangu zamani
ndani ya programu ninayoandikia kila siku.
Nilikuwa naipita kama mlango wa stoo.
Nikabonyeza. Kurasa kumi na moja, safi, nyepesi.
Nikajipongeza.

Tukamtumia binti yake, Tausi, aliyeko Mbagala
na simu yenye ufa kwenye kioo.
Akapiga. "Mama, mbona pembe ni mia na arobaini?"

Kale kaduara, jamani. Kale kanakokaa begani mwa namba
kuonyesha kwamba hizi ni nyuzi:
kwenye kompyuta yangu kamekaa, kanatulia;
kwa Tausi kameshuka begani,
kamejipanga mstarini, kamekuwa sifuri.
Mia na arobaini si mbuzi.
Ni bawaba ya mlango uliosahauliwa wazi.

Nikarudi kwenye mipangilio, chini kabisa:
kisanduku kidogo, *pachika fonti zote*, hakina tiki.
Nikakitia tiki. Halafu, kwa kuwa sikuamini tena kitu,
nikaandika na kwa maneno: nyuzi kumi na nne.

Tausi akasoma kwa sauti, tukamsikia wote wawili.
Nikatuma. Stakabadhi ikaja na tarehe yake.

Jina la programu Sikudhani hakuniuliza.
Alikuwa anafunga kanga, fundo la pili,
akataka kujua kama ile tiki itakuwepo kesho.

Nikamwambia sijui.
Nitakuwa naiangalia kila asubuhi, kabla ya chai.